Kufungua na Kufunga Upya Bolti za Eksozi Zilizoshika Kutu: Mwongozo Kamili

Magari mengi yanayofika hapa Unga Limited, Arusha, yakiwa na bolti za eksozi zilizokatika yamekatiwa bolti hizo na mtu aliyeanza kazi kwa spana. Aliikuta nati imekuwa nyekundu kwa kutu, akaivalisha spana, akaongezea kipande cha bomba ili apate mkono mrefu, akavuta kwa uzito wa mwili wake wote, na bolti ikakatika. Kuanzia hapo kazi ya asubuhi moja ikageuka kuwa ya siku tatu, kwa sababu sasa kuna kipande cha chuma kilichobaki ndani ya manifoldi, yaani chuma kinachokusanya moshi unapotoka kwenye injini, na kipande hicho hakina kichwa cha kukishikia.

Mwongozo huu ni kwa mwenye gari anayetaka kuifanya kazi hii mwenyewe, na kwa fundi kijana ambaye bado anajifunza kuisikia bolti mkononi. Ninatumia mfano wa kiungo kinachosumbua kuliko vyote, yaani pale bomba la mbele la eksozi linapofungwa kwenye manifoldi ya gari dogo la Toyota. Anayefungua kiungo cha masega, yaani kisafisha moshi, au cha sailensa atafuata hatua hizo hizo, na kwake zitakuwa nyepesi zaidi, kwa kuwa moshi unapofika huko umeshapoa kiasi.

## Kwa nini bolti hizi hushika

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Inapoota ndani ya hesi, yaani mifereji ya kuzunguka ya bolti na nati, hujibana kati ya nati na bolti kama kabari, na kila safari eksozi inapopata moto na kupoa, kabari hiyo huzidi kukaza. Magari yaliyotumika sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi, hufika hapa yakiwa yameshaanza kuliwa kwa chini. Magari yetu ya watalii nayo hurudi na vumbi la magadi kutoka Ziwa Natron na sakafu ya kreta ya Ngorongoro, kisha masika ya Machi hadi Mei yanalilowesha vumbi hilo likiwa bado limeganda kwenye flanji, yaani bapa la chuma mwishoni mwa bomba linalopitishiwa bolti.

## Amua kwanza unachotaka kukiokoa

Lala chini ya gari ukiwa na tochi, bila spana, uangalie kiungo chako ni cha namna gani. Ukikuta bolti imepita katika matundu mawili ya flanji na kufungwa kwa nati upande wa pili, hapo hakuna cha kukihurumia. Bolti na nati zote mbili ni za kutupa, na ikibidi utazikata.

Ukikuta stadi, yaani chuma kisicho na kichwa chenye hesi pande mbili, upande mmoja ukiwa umeingia ndani ya manifoldi ya chuma cha kusubu, basi mali unayoilinda ni hesi za ndani ya manifoldi. Stadi hununuliwa, na nati hununuliwa kwa bei ndogo zaidi. Manifoldi iliyoharibiwa hesi hutafutwa kwa shida na kununuliwa kwa fedha nyingi. Kila hatua inayofuata nimeipanga kwa kulinda kile kinachobaki kwenye gari, na si kile kinachofunguliwa.

## Vifaa vya kukusanya kabla ya kuanza

Usianze kazi hii huku unatuma mtu dukani, kwa sababu bolti iliyopashwa moto haitakusubiri.

- Jeki, stendi mbili madhubuti, na mawe au magogo ya kuzuia magurudumu.
- Miwani ya kukinga macho na glavu za ngozi. Kutu inayodondoka kutoka juu huingia machoni moja kwa moja, kwa kuwa uso wako ndio uliopo chini yake.
- Brashi ya waya, nyundo ya gramu 500 hivi, tindo, tupa na panchi ya kutia alama.
- Soketi za pembe sita, namba 12 na namba 14, pamoja na mkono wake mrefu. Soketi ya pembe kumi na mbili hushika nati kwenye ncha tu, na nati iliyoliwa na kutu huviringika ndani yake.
- Mafuta ya kulegeza kutu. Kopo la kupulizia la dukani linafaa. Nitaeleza pia mchanganyiko wa kujitengenezea.
- Chanzo cha moto, ama tochi ya gesi ya mkononi au mitungi ya fundi wa kuchomelea.
- Ndoo ya mchanga au kizima moto. Hiki ni kifaa kama vilivyo vingine, wala usikiache ukidhani utakuwa mwangalifu.
- Gasketi mpya (kizibo kinachokaa kati ya nyuso mbili za kiungo), bolti au stadi mpya, nati mpya na grisi ya shaba.

## Hatua ya 1: Kuliandaa gari

Fanya kazi gari likiwa limepoa kabisa, kwa sababu manifoldi iliyotoka safarini huunguza ngozi hata baada ya injini kuzimwa kwa muda mrefu. Liweke mahali pa sakafu ngumu, uvute breki ya mkono, uzuie magurudumu, uliinue kwa jeki, kisha ulikalishe juu ya stendi. Lisukume kwa bega kabla ya kuingia chini. Likitikisika, panga upya.

Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulalia chini yake. Nasisitiza jambo hili kwa sababu kazi yenyewe ni ya kuvuta na kugonga, na kila mvuto wako unalisukuma gari pembeni.

Chomoa waya hasi wa betri. Ikiwa karibu na kiungo kuna sensa ya oksijeni, chomoa soketi yake ya umeme na uufunge waya wake mbali na pale utakapowasha moto.

## Hatua ya 2: Kusafisha hesi zinazoonekana

Hatua hii ni fupi, nayo ndiyo inayorukwa kuliko zote. Sugua kwa brashi ya waya hesi za bolti zilizojitokeza nje ya nati mpaka uone mifereji yake. Nati ikilegea italazimika kupita juu ya hesi hizo, na zikiwa zimejaa kutu itakwama katikati ya njia, mahali ambapo wengi wameshashusha pumzi wakidhani kazi imekwisha.

## Hatua ya 3: Mafuta na muda

Mchanganyiko ninaoutumia ni nusu oili ya gia ya otomatiki na nusu asetoni. Asetoni ni nyepesi na hupenya haraka kwenye nafasi finyu ikiivuta oili nyuma yake, kisha yenyewe huruka na kuiacha oili ikiteleza ndani. Vitu hivi viwili havikai pamoja, kwa hiyo tikisa chupa kila unapotumia. Tumia chupa ya kioo au ya chuma, uiweke mbali na rangi ya gari na vitu vya plastiki, na usiwashe hata njiti ya kiberiti karibu, kwa kuwa asetoni hushika moto upesi sana.

Dondoshea jioni. Gonga kichwa cha nati kwa nyundo mara kumi na tano au ishirini, kwa mapigo mafupi yasiyo na nguvu nyingi. Mtikisiko hupasua kutu ndani na kufungua njia za mafuta. Rudia kabla ya kulala, kisha asubuhi, na mara moja zaidi saa moja kabla ya kuanza kufungua. Anayeanza Jumamosi jioni atafungua Jumapili baada ya ibada, na muda huo wa kusubiri haumgharimu chochote.

Angalia ukingo pale nati inapokutana na bolti. Mafuta yaliyokuwa mekundu yakigeuka kahawia na kutoa mstari mwembamba wa uji wa kutu, yameingia. Yakibaki mekundu na safi juu ya nati kama ulivyoyaweka, bado hayajapata njia, na kinachotakiwa ni kugonga zaidi badala ya kuongeza mafuta.

Dizeli peke yake inaweza kusaidia, ingawa hupenya polepole zaidi. Petroli usiitumie. Haina utelezi wa maana, na mvuke wake ukikusanyika chini ya gari ni hatari kubwa.

## Hatua ya 4: Mvuto wa kwanza

Ivalishe nati soketi ya pembe sita mpaka ifike mwisho. Ikikataa kuingia kwa sababu ya kutu, igonge iingie kwa nguvu; ikiingia kwa kulegea, jaribu namba ndogo zaidi. Bolti za Toyota zenye unene wa milimita 10 huwa na kichwa cha namba 14, na zile za milimita 8 huwa na namba 12, lakini kutu inaweza kukila kichwa mpaka namba 14 icheze.

Mvuto wa kwanza uwe wa kukaza. Ikaze kidogo sana, kiasi cha kuhisi tu kwamba umeigusa, kisha ugeuze na kuilegeza. Kutu inayoshikilia upande mmoja huvunjika kwa urahisi inaposukumwa pande zote mbili.

Mkono wako sasa ndio kipimo. Nati inayokubali hutoa mlio mfupi mkavu, kisha inasogea na kusimama, na unahisi msuguano wa chuma kwa chuma. Nati isiyokubali hunyumbuka. Spana inakwenda taratibu, laini, kama unavuta mpira, na ukiangalia ncha ya stadi utaona inazunguka pamoja na nati au imeanza kupinda. Hapo chuma kinajisokota na kiko karibu kukatika. Acha papo hapo, na usijaribu mara moja zaidi. Rudi kwenye mafuta au nenda kwenye moto.

Ikisogea, usiifungue kwa mkupuo mmoja. Nenda mbele robo ya mzunguko, rudi nyuma kidogo, ongeza mafuta, nenda mbele tena. Unapoirudisha, unga wa kutu hutoka kwenye hesi. Unapoilazimisha kwenda mbele tu, unga huo hujikusanya mbele ya nati na kuikamata upya. Nati moja inaweza kuchukua dakika kumi. Ipe dakika hizo.

## Hatua ya 5: Moto

Chuma kikipashwa moto hutanuka kwa takriban sehemu 12 za milioni kwa kila nyuzijoto moja. Ukiipasha nati ya milimita 10 ikawa na joto la nyuzi 500 zaidi ya stadi iliyo ndani yake, tundu la nati litapanuka kwa milimita 0.06, unene unaokaribia wa unywele mmoja. Upana huo ni mdogo kwa macho, lakini unatosha kuivunja kabari ya kutu. Kwa hesabu hiyo utaona kwamba moto ni wa nati, si wa stadi. Anayeichoma stadi anaitanua ndani ya nati na kuzidi kuikaza.

Kabla ya kuwasha, kausha mafuta yote kwa kitambaa na usubiri asetoni iruke. Angalia yaliyo karibu: mpira wa kuning'inizia eksozi, bomba la petroli, bomba la breki, mpira wa ekseli, nyaya. Kinachoweza kusogezwa kisogeze, na kisichoweza kikinge kwa kipande cha bati. Mtu mmoja asimame nje akiwa na mchanga au kizima moto mkononi.

Onyo moja halijulikani na wengi. Usisafishe kiungo kwa dawa ya kupulizia ya kusafishia breki kisha ukawasha moto. Baadhi ya dawa hizo zina klorini, na zikikutana na moto mkali au cheche za kuchomelea hutoa hewa ya sumu iitwayo fosjini, ambayo hata kiasi kidogo chake huharibu mapafu.

Elekeza moto kwenye pande za nati, ukiuzungusha. Kwa mitungi ya kuchomelea, nati hufikia wekundu hafifu ndani ya dakika moja hivi. Tochi ya gesi ya mkononi huchukua dakika kadhaa na huenda isifikishe wekundu, hata hivyo husaidia. Ukiona wekundu kama wa kaa la moto linaloanza kuzimika, ondoa moto, valisha soketi na uifungue nati ikiwa bado moto, kwa ile ile mbele na nyuma.

Ikikataa, iache ipoe kiasi, kisha gusisha mshumaa kwenye ukingo wa hesi. Nta huyeyuka na kufyonzwa ndani ya hesi, na ikishaingia hulainisha mahali ambapo mafuta ya kawaida yangeungua. Jaribu tena. Nimeona nati zilizokataa moto mara mbili zikafunguka mara ya tatu baada ya mshumaa, zikitoka zimepakwa nta nyeusi mpaka hesi ya mwisho.

Usimwagie maji manifoldi iliyopata moto. Chuma cha kusubu hupasuka kikipozwa kwa ghafla. Na ikiwa stadi imeingia kwenye silinda hedi ya alumini, usitafute wekundu kabisa, kwa sababu alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi na haibadiliki rangi kukuonya. Hapo tumia joto la kadiri, au mwachie mwenye uzoefu.

## Hatua ya 6: Nati iliyoviringika

Nati ikishakuwa duara, soketi haina kazi tena. Ikate. Kwa grainda yenye diski nyembamba, chora mkato upande mmoja wa nati, sambamba na bolti, mpaka ukaribie hesi bila kuzigusa. Simamisha tindo ndani ya mkato na uigonge. Nati itapasuka kama ganda la karanga, na stadi itabaki na hesi zake.

Cheche za grainda huruka mbali. Funika upande wa tangi la petroli kwa gunia lililoloweshwa, na umwombe mwenzako atazame zinakoangukia. Kwa bolti ya kupita, ambayo umeshaamua kuitupa, kata kichwa chote na uisukume itoke upande wa pili.

## Hatua ya 7: Stadi ikikatika

Kwanza simama. Maamuzi mabaya zaidi ya kazi hii hufanywa katika dakika tano zinazofuata mlio wa kukatika.

Kipande kikijitokeza nje. Kama kimebaki na hesi za kutosha, funga nati mbili juu yake, uzikaze moja dhidi ya nyingine, kisha ufungue kwa kuizungusha nati ya ndani. Kama hakina hesi, kibane kwa plaizi ya kujifunga, baada ya kupiga tupa pande mbili zake ziwe bapa. Kabla ya hapo pasha moto manifoldi iliyokizunguka, kwa kuwa sasa chuma cha nje ndicho tunachotaka kitanuke.

Kipande kifupi sana. Mwite fundi wa kuchomelea. Aweke nati juu ya kipande, achomelee kupitia tundu la nati mpaka chuma kijae na kushikana na kipande kilichovunjika. Kazi hii ina faida mbili kwa pamoja: umepata kichwa kipya, na joto la kuchomelea limefika ndani ya stadi yenyewe. Stadi hutanuka, huiponda kutu iliyoizunguka, kisha hupoa na kusinyaa. Subiri wekundu uishe, uguse mshumaa, uchezeshe mbele na nyuma. Nati ikibanduka, mchomeleaji arudie. Mara ya tatu au ya nne si ajabu. Hakikisha waya hasi wa betri bado umechomolewa, na koleo la eathi limebanwa karibu na kazi, kwenye manifoldi, ili umeme usipite kwenye beringi na sensa.

Kipande kikiwa sawa na uso au ndani. Hapa kuna kutoboa. Kama inawezekana, shusha manifoldi na ukaifanyie kazi kwenye jiliwa, kwa sababu kutoboa wima ukiwa umelala chali huwapotosha hata mafundi wazuri. Sawazisha uso wa kipande kwa tupa. Piga panchi katikati kabisa, na kwa hatua hii tumia muda mrefu kuliko unavyodhani inastahili, kwani tundu lisiloanzia katikati litakula hesi za manifoldi upande mmoja.

Anza na keekee ya milimita 3, kwa mwendo wa polepole na oili nyingi, halafu milimita 5. Kwa stadi ya milimita 8 yenye mwendo wa hesi (umbali kati ya hesi moja na inayofuata) wa 1.25, malizia na keekee ya milimita 6.8. Kwa stadi ya milimita 10 yenye mwendo wa 1.25, malizia na ya milimita 8.8. Ukiwa umekaa katikati, kitakachobaki ni ganda jembamba la hesi za zamani, ambalo utalitoa kwa ncha ya panchi na kulisafisha kwa tapu, chuma cha kukatia hesi za ndani.

Kuhusu vile vyuma vya kutolea bolti zilizokatika, vyenye hesi za kinyume, nina msimamo mkali. Vimetengenezwa kwa chuma kigumu ambacho keekee ya kawaida hukitoboa kwa shida. Nikiwa bado ninajifunza kazi hii, kimoja kilinikatikia ndani ya manifoldi ya Corolla, na hakuna keekee tuliyokuwa nayo iliyoweza kukigusa. Manifoldi ile ilitupwa. Bolti iliyogoma kwa soketi, mafuta na moto haiwezi kutii kichuma chembamba kilichoingizwa katika tundu lake. Vitumie kwa bolti iliyokatika ikiwa haijashika kutu, basi.

Ukiona tundu limekwenda upande, acha mara moja na upeleke manifoldi kwa mkerezaji. Akiikuta ikiwa na kosa dogo atalirekebisha kwa kupanua tundu na kuweka hesi mpya. Akiikuta imeshachimbwa, kazi yake inakuwa ngumu na wewe utalipa zaidi.

Liko jambo moja ninaloomba lisifanywe, nalo ni kuchomelea flanji mbili zishikane ili kuikwepa kazi hii. Gari langu mwenyewe lilifanyiwa hivyo katika gereji moja nilipokuwa safarini. Lilinyamaza kwa miezi michache, kisha manifoldi ikapasuka, kwa sababu injini hucheza na eksozi haikuwa tena na nafasi ya kucheza nayo. Anayechomelea kiungo hicho anamhamishia mwenye gari gharama, tena ikiwa imekua.

## Hatua ya 8: Kusafisha nyuso

Toa gasketi ya zamani yote. Kwangua nyuso kwa kisu butu na brashi mpaka chuma kionekane, kisha uweke rula ya chuma juu ya flanji ya bomba. Ukiona mwanga ukipita katikati, flanji imepinda na gasketi mpya itavuja; isawazishe kwa tupa pana. Pitisha tapu kwenye kila tundu lenye hesi, ukiizungusha kwa vidole mwanzoni. Ikikataa kuingia kwa vidole, hujaipata namba sahihi.

## Hatua ya 9: Kufunga upya

Beba bolti ya zamani unapokwenda dukani. Bolti nyingi za milimita 10 za duka la vifaa vya ujenzi zina mwendo wa hesi wa 1.5, wakati za Toyota ni 1.25. Macho hayaoni tofauti, na nati itaingia mizunguko miwili kabla ya kukwama. Kipimo ni vidole: nati sahihi huingia mpaka mwisho bila spana. Tazama pia kichwa cha bolti, uchukue yenye chapa ya 8.8 au 10.9. Isiyo na chapa iache.

Paka hesi grisi ya shaba, kiasi cha kuzifunika tu. Grisi ya kawaida isikaribie hapa, kwa sababu huungua na kuacha masizi magumu yatakayoigandisha nati upya. Grisi hiyo ya shaba isiguse ncha ya sensa ya oksijeni.

Anza nati zote kwa mkono kabla ya kukaza hata moja. Kaza kwa zamu, robo kwa robo, upande huu na ule, ili flanji zikutane zikiwa sambamba. Kwa manifoldi nzima, anza katikati ukielekea nje.

Kiasi cha kukaza kimeandikwa katika kitabu cha matengenezo cha gari lako, na hicho ndicho cha kufuata. Kwa kawaida bolti ya eksozi ya milimita 10 huhitaji kati ya newton mita 40 na 60, na ya milimita 8 huhitaji 20 hadi 25. Asiye na spana ya kupimia ajue kwamba kuvuta kwa nguvu ya kilo 15 mwishoni mwa mkono wa sentimita 30 ni karibu newton mita 44, kiasi cha bolti ya milimita 10. Kilo 15 ni uzito wa maji yanayojaza robo tatu ya ndoo ya lita 20. Inua ndoo hiyo kwanza, mkono wako upate kumbukumbu. Hesi zenye grisi huteleza, kwa hiyo usizidishe.

Kama kiungo chako kina bolti zenye springi, rudisha springi zake. Springi hukibana kiungo huku zikikiacha kicheze pamoja na injini, juu ya gasketi ya pete. Bolti hizo zina bega, na hukazwa mpaka bega ligote, basi. Ukiweka bolti za kawaida ukazikaza mpaka mwisho, gasketi ya pete itapondeka na kuvuja.

## Hatua ya 10: Kuhakiki

Rudisha nyaya, toa gari nje mahali penye hewa, uwashe injini ikiwa baridi. Moshi wa gari una kaboni monoksidi, ambayo haina harufu na huua, kwa hiyo jaribio hili lisifanyike ndani ya banda lililofungwa.

Sikiliza kwa dakika ya kwanza. Kiungo kinachovuja hutoa mlio wa "che-che-che" unaofuata mwendo wa injini na kupungua chuma kinapotanuka, na ndiyo maana jaribio lazima liwe la baridi. Mwenzako azibe mdomo wa eksozi kwa kitambaa kinene kwa sekunde chache huku wewe ukipulizia maji ya sabuni kwenye kiungo. Kusiwe na povu, na kitambaa kisukumwe nyuma kwa nguvu. Harufu ya grisi inayoungua na moshi kidogo katika dakika kumi za mwanzo ni kawaida.

Baada ya safari ya kilomita 100 hivi, liache gari lipoe usiku mzima, kisha ulale tena chini yake na tochi. Pitisha kidole kuzunguka gasketi. Kikitoka safi, umemaliza. Kikitoka na masizi meusi, kiungo kinavuja upande huo. Kaza nati zote kwa zamu mpaka kiasi kilichoandikwa, ufute masizi, na uangalie tena baada ya siku mbili.